Elki si nyati jamani, bega lako lihurumie

Mhariri, salaam nyingi kutoka Colorado huku Marekani, baridi imeshaanza kubisha hodi na watu wanapanga safari za porini ndio maana nimeona nikuandikie. Wiki kadhaa zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja Mtanzania mwenzetu yuko Texas, anasema mwakani anakuja huku milimani kuwinda elki, mnyama mkubwa wa huku mwenye pembe za matawi, na ameshajichanga hela anunue bunduki ya .375 (namba hiyo ni kaliba, yaani unene wa risasi kwa inchi), hoja yake ni kwamba mnyama ana kilo 300 na nyumbani mnyama mkubwa hupigwa na .375 basi na huku iwe hivyo hivyo. Niliisoma nikacheka alafu nikanyamaza, maana miaka sita iliyopita mimi nilikua huyo huyo, tofauti ni kwamba yeye bado hajatoa hela mfukoni.

Kwanza mnyama mwenyewe. Elki huyu watu wa kabila la Shawnee walimwita wapiti, maana yake mwenye makalio meupe, na kweli ukimshtua porini hicho ndicho kitu cha mwisho unachokiona kikiishia kwenye miti. Ndugu zetu walioko Sweden na Norway wasichanganye mambo, kwa Kiingereza cha Ulaya neno elk ni yule mnyama mwingine mkubwa zaidi mwenye pua ndefu na pembe kama makoleo, huyo mimi simzungumzii. Wa kwetu hapa dume linafika kilo 320 hivi, jike 230, kwa aliyewahi kumuona tandala mkubwa Ruaha basi dume la elki ni tandala aliyeshiba kidogo, ila pembe zake ni za matawi na kila mwaka zinadondoka zinaota nyingine. Pofu wetu anamzidi mbali, na nyati usiseme.

Sasa tatizo la hoja ya ndugu yangu wa Texas ni kwamba amechukua sheria ya mnyama mwingine akaja kuivisha mnyama huyu. Nyumbani .375 ni kima cha chini kwa nyati, tembo na simba kwa sababu hao ukiwakosea wanageuka. Mjomba wangu alifanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya Selous miaka mingi, alikua anatuambia bunduki kubwa sio ya kumuua nyati, ni ya kukurudisha wewe kwa mkeo. Elki hana habari na wewe. Ukimkosea anakimbia, anapanda mlima mmoja anashuka bondeni anapanda mwingine, na wewe ndo unabaki na kazi ya kumtafuta kwenye magogo yaliyoangukiana mpaka usiku. Kwa hiyo swali la elki sio bunduki itaniokoaje, ni je ntaweza kuipeleka risasi mahali pake mara ya kwanza nikiwa nahema, vidole vimekufa ganzi na mnyama ananipa sekunde nne tu.

Hata serikali ya hapa haidai mzinga. Kanuni za Colorado kwa elki zinataka kaliba isipungue .24, kichwa cha risasi kiwe cha kupanuka kikiingia na uzito usipungue gren 85 (kama gramu tano na nusu), na kwenye yadi 100 iwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000 (kipimo cha nguvu ya pigo) kwa vipimo vya mtengenezaji, basi. Bunduki nyingi sana zinapita hapo. Sisemi ununue ile ya mwisho kabisa kwa udogo, nasema tu kwamba hao watu wanaishi na huyu mnyama, jimbo lao ndilo lenye elki wengi kuliko jimbo lolote Marekani, na hawajaona haja ya .375.

Haya nije kwenye aibu yangu. Nilivyopata grinikadi na kumaliza kozi ya uwindaji (ni lazima kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949, hawaangalii kwamba kwenu ulikua unaenda na mjomba porini) nikaingia duka moja la bunduki nikamwambia muuzaji nataka ya elki. Hakuniuliza nina uzito gani wala nimewahi kupiga nini. Akaniletea .300 Winchester Magnum (magnum ni risasi yenye baruti nyingi kuliko ya kawaida) nyepesi, mtutu mwembamba, kitako cha plastiki, akasema hii inawafikia hata ng'ambo ya bonde. Nilivyosikia neno magnum nikajiona mkubwa. Nikalipa, nikaenda nayo uwanja wa shabaha.

Risasi ya kwanza ilipiga vizuri. Ya tatu darubini ikanigonga juu ya jicho, nina alama mpaka leo ndogo kama mwezi mwandamo. Ya kumi na mbili nilikua nafumba macho kabla ya kufyatua na sijui kama nafumba, hicho ndo kitu kibaya chenyewe, mwili unaanza kuiogopa bunduki huku kichwa kinasema mimi ni mwanaume. Ukiweka hesabu, teke, yaani bunduki inavyokurudia begani, la .30-06 (risasi nitakayoieleza mbele) kwenye bunduki ya pauni 8 ni kama futi-pauni 20, la .300 Magnum linavuka 25, na la .375 linakaribia mara mbili ya .30-06. Kwenye karatasi unaona ni namba tu, subiri bega lisome.

Msimu wa pili wa bunduki, mwisho wa Oktoba, tulikua milima ya Flat Tops juu ya mji wa Meeker, kama mita 3,000 kwenda juu, theluji ya kifundo cha mguu. Dume likatoka kwenye miti ya aspeni kwenye yadi 140 hivi, likasimama ubavu wazi, nikahesabu ncha nne za pembe upande mmoja kama sheria inavyotaka, yaani ile nafasi mtu anaomba maisha yake yote. Nikafyatua. Nikaona amejikunja mgongo kama mtu mwenye tumbo la kuhara, nikajua nimeharibu, mnyama aliyepigwa kifuani hafanyi hivyo. Nilikua nimevuta triga kwa woga risasi ikaenda nyuma, tumboni. Tulimfuata mpaka ile nusu saa baada ya jua kuzama ambayo kisheria ndio mwisho wa kupiga, damu ilikua tone moja hapa jingine hatua ishirini mbele, imechanganyika na majani ya tumboni. Tukamkuta kesho yake saa tano asubuhi amelala chini ya msonobari. Bahati usiku ulikua wa barafu tukaokoa mapaja na mabega, ila ubavuni na mgongoni kulikua kumeshanuka. Mimi ni Muislamu Mhariri, nilisoma Bismillah kabla ya kufyatua, lakini yule mnyama alikaa na maumivu usiku mzima kwa sababu ya bunduki niliyonunua ili nionekane, na sikulala vizuri siku nyingi.

Jirani yangu mmoja mzee, Mzungu, amewinda toka utotoni, nikamsimulia. Hakunilaumu. Jumamosi akanipeleka uwanja wa shabaha akaniambia leo mimi ndo naweka risasi chemba, wewe unapiga tu. Ya kwanza paa. Ya pili nikavuta triga ikalia tik, alikua ameweka ganda tupu hakuniambia, na mtutu wa bunduki ukaruka chini kiasi cha kiganja kizima. Hakuna mlipuko wala teke, na mimi nimeshtuka mwenyewe! Akafanya hivyo mara tano, na zote tano nikashtuka. Jamani kama una bunduki na hujawahi kupimwa hivi, mwambie mwenzako akupime wiki hii, ni bure.

Basi nikaachana nayo, nikachukua .308. Hapa wasomaji watauliza kwa nini .308 na si nyingine, na ukweli ni kwamba kuna kundi zima la risasi zinazofanya kazi moja. Kuna .30-06 ya mwaka 1906, gren 180 inatoka kwa futi 2,700 kwa sekunde, imeua elki wengi sana na hata kwetu sio mgeni, mwandishi Ernest Hemingway alipokuja Tanganyika mwaka 1933 kwenda 1934 bunduki yake ya kila siku ilikua Springfield .30-06. Kuna .270 ya mwaka 1925 ambayo mwandishi Jack O'Connor aliisifia kwenye magazeti ya uwindaji mpaka ikawa kama dini, kuna 7mm Remington Magnum ya 1962 ambayo ni magnum kwa jina ila teke lake linavumilika, kuna .308 yenyewe ya mwaka 1952 ambayo inaingia kwenye bunduki fupi kidogo na risasi zake utazikuta hata dukani kijijini. Ukisahau risasi nyumbani hiyo ya mwisho ndo faida utakayoikumbuka.

Na ile risasi nyembamba ya 6.5 Creedmoor? Hapo ndo vijana wanagombana. Imetoka 2007, teke lake dogo, inalenga mno. Mimi naona inatosha kwa elki ukitumia kichwa cha maana na ukajizuia usipige mbali, chini ya yadi 300 hivi, na kwa mke wangu ambaye ana mwili mdogo ndio aliyochukua na anapiga vizuri kunishinda. Ila anayeinunua kwa sababu aliona mtu kwenye video anapiga yadi 800, huyo namwambia asubiri kwanza.

Na hiyo .300 yenyewe sio mbaya jamani nisieleweke vibaya. Gren 180 inatoka kwa kama futi 2,960, ukilinganisha na .30-06 ni ongezeko la futi 260 hivi. Ukiseti darubini za zote mbili zilenge sawasawa kwenye yadi 200, kwenye yadi 300 ile .30-06 itakua imeshuka sentimita 21 au 22 na .300 kama 17 au 18. Sentimita nne! Kifua cha elki kutoka mgongoni mpaka chini ni zaidi ya nusu mita. Sasa hizo sentimita nne nimezilipia kwa alama ya jicho na mnyama aliyelala na maumivu usiku kucha. Kwa anayeiweza na anapiga mbali kweli, sawa, achukue. Mimi siiwezi, na naona wengi hawaiwezi ila hawasemi.

Kitu ambacho watu hawakiulizi dukani na ndicho chenye uzito kuliko jina la bunduki ni kichwa cha risasi. Mwaka 1946 bwana mmoja John Nosler alikua anawinda British Columbia, akampiga mnyama mkubwa aliyekua amejaa tope kavu mwilini, risasi zikawa zinapasukia juu juu haziingii ndani, na alikua na magnum mkononi. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, mbele kinapanuka nyuma kinabaki kizima kinaendelea kuchimba, kuanzia 1948 akawa anakiuza kwa jina la Partition na kipo mpaka leo. Siku hizi kuna na vile ambavyo madini ya risasi ya ndani yamegandishwa na ganda lake la shaba yasiachane, na kuna vya shaba tupu, hivyo ndo natumia mimi kwa sababu nyama inaliwa na wanangu na sitaki vipande vya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye pilau. Zile risasi za bei ya chini za mazoezi zenye kichwa kilichofunikwa chote usizipeleke porini, zinatoboa kama msumari zinapita, na kwa elki hapa sheria yenyewe inataka kichwa cha kupanuka.

Najua kuna mtu ataniletea habari ya Karamojo Bell, mwindaji wa tembo wa zamani. Ndio, yule Mskoti alitembea Karamoja kule Uganda na Kongo akaua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya risasi ndogo tu ya 7x57, na watu wa vijibunduki wanampenda sana kwa hoja hiyo. Lakini Bell alikua anapiga ubongo, kwa risasi ngumu isiyopanuka, na alipasua vichwa vya tembo akasoma ubongo umekaa wapi kwa kila upande. Wewe na mimi tunakwenda porini siku tano kwa mwaka tukitoka kwenye shifti ya usiku. Tusijifananishe.

Bunduki yenyewe sasa, nitapita haraka. Chukua ya boliti, ya kukoki kwa mkono, ni rahisi kusafisha na haina mambo mengi kwenye baridi. Mtutu inchi 22 unatosha. Uzito na darubini yake uwe pauni 8 hivi, nyepesi sana inapiga teke zaidi, nzito sana utaichukia saa nne asubuhi ukiwa kwenye mwinuko, maana ile hewa ya mita 3,000 sio ya Dar es Salaam, hatua ishirini unasimama. Tikka, Ruger American, Savage, zote zinapiga vizuri kuliko wewe na unaweza kupata kwa chini ya dola 1,000, hela inayobaki nunua viatu. Darubini ya kukuza mara 3 mpaka 9 inatosha kabisa na siku nyingi itakaa kwenye 3 au 4 kwa sababu elki wengi wanatokea karibu kuliko unavyofikiria.

Mazoezi yangu ni haya, nachukua sahani za karatasi, zile za pilau kwenye shughuli, naziweka yadi 200, sikai kwenye meza, nakaa chini matako kwenye nyasi au nasimama na fimbo tatu zilizofungwa pamoja kama wanavyofanya wafuata nyayo wa kwetu, na hao Wazungu uwanjani wananiangalia mara mbili mbili. Risasi tano kwenye sahani, zote. Siku moja ikitoka nje basi mwaka huo mpaka wangu ni yadi 150. Nikiwa na .300 sikuweza hata tatu.

Na pa kupiga, subiri asimame ubavu, fuata mguu wa mbele uende juu mpaka theluthi ya kwanza ya kifua, nyuma kidogo ya bega, hapo ni mapafu. Akikupa makalio muache aende.

Kwa ndugu wanaotaka kuja, nusu dakika tu. Mkazi mwenye grinikadi anaweza kununua bunduki, anajaza fomu anachekiwa, na hapa Colorado tangu Oktoba 2023 unasubiri siku tatu ndo unakabidhiwa. Wenye viza za muda sheria ya taifa inawakataza isipokua kwa vipengele kadhaa, kimojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo usiazime ya rafiki ukaenda nayo porini hivi hivi bila kuuliza, utaharibu karatasi zako. Na vaa rangi ya chungwa inayowaka au ile ya pinki, kofia pia, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, usione aibu, elki haoni hiyo rangi ila binadamu mwenzako mwenye bunduki anaiona.

Mwaka jana nilipata leseni ya jike kwa bahati nasibu. Yadi 170, .308, Bismillah, akapiga hatua kama thelathini akaanguka, nikamkuta bado ana roho kidogo nikamchinja mwenyewe. Tulibeba mara nne mpaka kwenye gari, paja moja tu ni kama gunia dogo la mchele, nikarudi Greeley kiuno hakinyooki.

Ile .300 niliiuza. Aliyekuja kuinunua ni kijana wa Kikongo tunafanya nae kazi, tukaenda dukani akachekiwa kama sheria inavyotaka hata kwa mauzo ya mtu na mtu, tukasubiri zile siku tatu. Akaniuliza kaka, inapiga teke? Nikamuonyesha alama ya juu ya jicho, nikamsimulia na habari ya lile dume kama nilivyowasimulia nyinyi, nikamwambia chukua .308 ntakusaidia kutafuta. Akaangalia ile bunduki, akaangalia neno magnum kwenye mtutu, akatabasamu akatoa hela.

Msomaji wenu,
Greeley, Colorado